Kutoka Swift Sport kwenda Swift ya 1.2: hesabu za gari moja la Mbezi Beach

Kisa hiki ni cha gari moja dogo na familia moja ya Mbezi Beach, Dar es Salaam. Mwenye gari ni rafiki yangu wa miaka mingi, na amenikubalia niandike habari zake bila kumtaja jina. Katikati ya mwaka 2024 aliamua kuachana na Suzuki Swift Sport yake na kuchukua Swift ya kawaida yenye injini ya lita 1.2, kwa sababu moja aliyoirudia kila tulipokutana, kwamba gari linakula mafuta. Kazi yangu mimi ni hesabu, naye aliniomba nimtazamie tu kama nyongeza aliyotajiwa yadi, yaani fedha ya kuongeza juu ya gari lake ili apewe jingine, ilikuwa ya haki. Nilipoanza kuchambua nikaona kuwa suala la nyongeza lilikuwa dogo, na kwamba kulikuwa na maswali mawili makubwa ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza: gari lile linakula mafuta kiasi gani hasa, na katika hayo, mangapi yanatokana na injini na mangapi yanatokana na uchakavu, matairi na foleni.

Kwa asiyeyafahamu magari haya, yote mawili yana bodi ya aina moja, na ukiyaona kwa mbali barabarani utayachanganya. Sport ya kizazi kile, ambayo mafundi huiita kwa namba yake ya ZC31S, ilianza kuuzwa Japani mwaka 2005 ikiwa na injini ya M16A yenye ujazo wa cc 1,586 na nguvu za farasi 125, ambazo hazipatikani zote mpaka injini ifike mizunguko 6,800 kwa dakika. Yake ilikuwa ya gia za mkono, gia tano, zilizopangwa fupi ili gari liitike haraka, kiasi kwamba ukienda kilomita 100 kwa saa ukiwa gia ya tano mshale wa mizunguko umeshapita 3,000. Breki zake ni za diski magurudumu yote manne. Ile ya kawaida, ZC71S, iliingia sokoni mwaka 2007 ikiwa na injini ya K12B yenye cc 1,242 na nguvu za farasi 90, breki za nyuma za dramu, magurudumu ya inchi 14 au 15, na giaboksi ya CVT, yaani ya "automatiki" isiyo na gia za hatua, kwa walio wengi. Ni jambo la kukumbuka kwamba kwa kodi za kuingiza gari nchini magari haya mawili hayatofautiani daraja: ushuru wa bidhaa wa Tanzania huhesabu injini ya kuanzia cc 1,001 hadi 2,000 katika kundi moja la asilimia 5, na ni zile za cc 1,000 kushuka chini, kama Vitz ndogo na Passo, zinazosamehewa. Rafiki yangu hakutaka Vitz. Alisema ameizoea Swift, na kama ni kupunguza, apunguze ndani ya nyumba ile ile.

Malalamiko yake yalianza Agosti 2023. Mwezi ule bei kikomo ya petroli inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi ilipanda kwa zaidi ya shilingi 400 kwa lita kwa mkupuo mmoja, na kufikia Septemba ikawa imevuka shilingi 3,200 kwa Dar es Salaam. Wakati huo huo ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi katika barabara ya Bagamoyo ulikuwa umebana magari, hata safari yake ya asubuhi kutoka Mbezi Beach kwenda Posta, kupitia shule ya watoto, ikawa inachukua saa moja na nusu au zaidi. Kwake yeye mambo haya mawili yalikuja kuwa kitu kimoja, yaani gari linabugia mafuta, na kosa lote likabebeshwa injini ya 1.6.

Nilipomuuliza linakwenda kilomita ngapi kwa lita, alijibu nane, kwa uhakika wa mtu anayetaja umri wa mwanawe. Nikamuuliza amepimaje. Ikatokea kwamba hakuwa amepima, bali alikuwa akiweka mafuta ya shilingi 20,000 au 30,000 kila anapopita sheli, kisha akitazama mshale unavyoshuka. Njia hii hutumiwa na wengi wetu, na haifai kwa hesabu yoyote, kwa sababu mshale wa tangi hauteremki kwa mwendo sawa na kiasi cha chini huisha haraka machoni kuliko kinavyoisha ndani ya tangi. Tulikubaliana ajaze mpaka bomba la pampu likate lenyewe, aandike namba ya kilomita, aendeshe mpaka tangi likaribie robo, kisha ajaze tena kwa namna ile ile katika sheli ile ile, na afanye hivyo kwa wiki tano mfululizo. Wastani ulikuja kilomita 8.7 kwa lita.

Hapo pia palikuwa na kasoro, nami niliigundua kwa bahati tu nilipokuwa nimeinama kutazama matairi. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameondoa rimu za inchi 16 zenye tairi za 195/50 zilizokuja na gari, akafunga rimu za inchi 17 zenye tairi za 205/45. Ukipiga hesabu ya kipenyo utaona kuwa tairi hizi mpya ni kubwa kwa takribani asilimia 2.5, na maana yake ni kwamba dashibodi ikionyesha kilomita 1,000, gari limekwenda kama 1,025. Kwa hiyo sehemu ndogo ya ulafi wa gari lile ilikuwa ya mita yenyewe, iliyokuwa ikipunja kilomita. Ukirekebisha, 8.7 inakuwa 8.9.

Kabla ya kwenda kuzungumza na yadi nilimshauri apeleke gari gereji kwanza, na ushauri huu hakuupenda. Hoja yake ilikuwa ya kueleweka: nani anatengeneza gari analotaka kulitoa? Lakini bila kufanya hivyo tungekuwa tunalinganisha gari chakavu na gari zima, kisha tunaiita tofauti yote kuwa ni ya ukubwa wa injini. Fundi alikuta upepo wa matairi uko chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, filta ya hewa imejaa vumbi, plagi zimekwisha, kalipa moja ya breki ya nyuma imekwama na diski yake inachemka hata mwendo ukiwa mfupi, na sensa ya oksijeni imekufa zamani, jambo ambalo taa ya injini ilikuwa ikilisema kila siku mpaka mwenyewe akaacha kuiona. Sensa hii ikifa, kompyuta ya gari huacha kupima moshi na hurudi kwenye makadirio yake ya tahadhari, ambayo aghalabu humwaga petroli zaidi ya inayohitajika. Kazi yote, pamoja na vipuri, iligharimu shilingi 420,000. Wiki nne zilizofuata, kwa barabara ile ile na dereva yule yule, Sport ilikwenda kilomita 10.4 kwa lita baada ya kusahihisha makosa ya mita.

Naomba msomaji asiipite haraka namba hii. Familia ile hutembea kilomita 1,150 hivi kwa mwezi, siku za kazi na mizunguko ya wikiendi ikiwa pamoja. Nikitumia bei ya mfano ya shilingi 2,900 kwa lita, ambayo nitaishikilia mpaka mwisho ili hesabu zisiyumbe, gari lilipokuwa bovu lilikunywa kama lita 129 kwa mwezi, na baada ya gereji likanywa chini ya lita 111. Hiyo ni nafuu ya karibu shilingi 54,000 kila mwezi, na gharama ya fundi ingerudi ndani ya miezi minane bila kuhamisha kadi wala kumlipa dalali hata shilingi.

Upande wa pili wa mizani tulihitaji namba ya Swift ya 1.2, na hapa dalali alikuwa amekwisha kutusaidia kwa ukarimu. Kwa maneno yake, "Kaka, hii haili mafuta, inanusa tu," na akataja kilomita 18 kwa lita. Sidhani kwamba alitunga. Wakati gari lile linauzwa likiwa jipya, matangazo ya Japani yaliipa 1.2 zaidi ya kilomita 20 kwa lita, kwa kipimo chao cha zamani kilichoitwa 10-15, ambacho gari huendeshwa juu ya mashine, kiyoyozi kimezimwa, na mwendo wa juu hauzidi kilomita 70 kwa saa. Mtu akipunguza kidogo kutoka kwenye tangazo hilo anadhani amekuwa mkweli. Sisi tuliazima Swift ya 1.2 ya shemeji yake kwa wiki mbili, akaiendesha kwenda Posta na kurudi, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi kama kawaida ya Dar es Salaam. Ilikwenda kilomita 13.8. Gari alilolichukua baadaye limekuwa likimpa wastani wa 13.6, na hiyo ndiyo nitakayoitumia.

Kwa hiyo hesabu ya dalali ilikuwa 8 dhidi ya 18, yaani nafuu ya karibu lita 80 kwa mwezi, sawa na zaidi ya shilingi 230,000. Hesabu iliyopimwa ni 10.4 dhidi ya 13.6, yaani lita 26, sawa na shilingi 75,000 na kidogo. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni ada ya shule.

Inafaa kueleza kwa nini nafuu ipo na kwa nini si kubwa zaidi. Injini ikiwa imewashwa na gari limesimama, mafuta yanayoteketea hayamsogezi mtu popote, na injini kubwa yenye msuguano mwingi huteketeza zaidi ya ndogo kwa kila dakika ya kusimama. Dereva wa foleni ya Mwenge na Morocco hulipia dakika hizo kila siku, na hapo ndipo 1.2 inaposhinda. Isitoshe, CVT huiweka injini katika mizunguko ya chini kwa kadiri inavyowezekana, wakati gia fupi za Sport huinyanyua hata pale dereva asipokuwa na haraka. Barabara ikifunguka, pengo hupungua, kwa kuwa sasa kazi kubwa ni kupasua hewa na bodi mbili zinazofanana hupasua hewa kwa shida inayokaribiana. Rafiki yangu huenda Njombe kila Desemba, na rekodi zake zinaonyesha Sport ilimpa 14.5 na gari jipya likampa 17.2 kwa njia ile ile ya Morogoro, Mikumi na Iringa. Kwa safari ya kwenda na kurudi ya kilomita kama 1,400, tofauti hiyo ni lita 15, fedha ambayo haitoshi hata chakula cha njiani cha watu wanne.

Kuna jambo jingine linalofanya hesabu za huku zisifanane na za Japani. Kule, mtengenezaji aliitaka Sport itumie petroli ya daraja la juu, ambayo ni ghali kuliko ya kawaida kwa kila lita, ilhali ile ya 1.2 inatumia ya kawaida, hivyo Mjapani anayehama kutoka moja kwenda nyingine anaokoa mara mbili, kwa wingi wa lita na kwa bei ya lita. Katika sheli alizozoea rafiki yangu petroli ni moja kwa wote, na mwenye Sport halipi nyongeza yoyote. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikifuata ukubwa wa injini, nayo iliondolewa mwaka 2017 na makato yake yakahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo hata huko hakuna kilichobaki cha kuokoa nje ya lita zenyewe.

Sasa tuje kwenye kubadilishana. Yadi iliipa Sport thamani ya shilingi milioni 9 na ikataka milioni 12.8 kwa 1.2 ya mwaka 2008, yenye namba ya usajili ya herufi D, yaani nyongeza ya milioni 3.8. Mwenye gari aliona ni matusi. Gari lake lina nguvu zaidi, breki bora zaidi, na lilipokuwa jipya lilikuwa la bei ya juu zaidi, iweje leo aongeze fedha ili apewe dogo wake? Nilimweleza kwamba soko la Dar es Salaam halinunui nguvu za farasi. Mnunuzi wa gari dogo huuliza mambo matatu kabla hajafungua mlango: ni "automatiki", inakula mafuta kiasi gani, na vipuri vipo. Gari la gia za mkono lenye rimu za inchi 17 na ekzosi inayonguruma lina wapenzi wake, lakini ni wachache, ni vijana, na mara nyingi hawana fedha taslimu. Juu ya hayo, gari linaloingizwa nchini likiwa na zaidi ya miaka kumi hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na kwa sababu hiyo Swift za zamani zilizokwisha kusajiliwa hapa hazishuki bei kwa kasi ambayo umri wake ungestahili. Kwa maneno mengine, nafuu ya mafuta ambayo rafiki yangu alikuwa akiifuata ilikuwa imekwisha kuingizwa ndani ya bei ya gari. Aliyeuza alikuwa akimuuzia kiyoyozi, viti, na pia lita 26 za kila mwezi kwa miaka kadhaa ijayo, zote zikilipwa mbele.

Baada ya mazungumzo ya wiki tatu, ambayo katika hizo alitoka yadini kwa hasira mara mbili, wakafikia milioni 9.5 kwa Sport na 12.5 kwa ile nyingine. Nyongeza ikawa milioni 3. Kuhamisha umiliki wa kadi mbili pamoja na ushuru wa stempu, fundi wa kukagua na nauli za hapa na pale vilichukua shilingi 450,000. Mtu akigawa jumla hiyo, milioni 3.45, kwa nafuu ya mwezi, atapata miezi 46 hivi, na wengi wangesimama hapo na kusema biashara ni mbovu.

Mimi sikubaliani na hesabu hiyo, kwa kuwa inachanganya fedha iliyotumika na fedha iliyohamishwa. Sehemu ya zile milioni 3 haijapotea. Imo ndani ya gari jipya na itarudi siku atakapoliuza. Makadirio yangu ya wakati ule, kwa kutazama matangazo ya watu binafsi, yalikuwa kwamba Sport ingeuzika kwa milioni 10.5 mkononi na 1.2 ingenunulika kwa milioni 12. Tofauti halisi ya thamani ni milioni 1.5, na kile kilichozidi, milioni nyingine 1.5, ni faida ya yadi. Ukijumlisha na 450,000 za makaratasi, hasara ya kweli ya kubadilishana ni shilingi 1,950,000, na kwa nafuu ya shilingi 75,000 kwa mwezi inarudi kwa miezi 26. Muda huo ni mrefu ila unavumilika, kwa sharti kwamba fedha ni yake. Angekopa zile milioni 3 kwa riba, sehemu kubwa ya nafuu ingekuwa ya mkopeshaji.

Kwenye gharama nyingine alitarajia makubwa na hakuyapata. Tairi za inchi 17 zilikuwa zikimgharimu shilingi 190,000 kila moja na za inchi 15 zinamgharimu 120,000, hivyo kwa seti inayodumu miaka mitatu anaokoa kama 93,000 kwa mwaka. Bima ikaja kuzila. Yeye hukata bima kubwa, ambayo kiwango chake ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari na juu yake VAT ya asilimia 18, na haijali kama gari ni la mbio au la sokoni. Sport aliikatia kwa thamani ya milioni 10.5, hili jipya kwa milioni 12.5, na ongezeko likawa shilingi 82,600 kwa mwaka. Kilichobaki baada ya kutoa ni shilingi elfu kumi na kidogo, ambazo nilizifuta kwenye daftari kwa sababu sikuona haja ya kuzifuatilia.

Palikuwa na njia ya tatu, na lazima niiseme ingawa ndiyo iliyonifanya nisisikilizwe kwa siku kadhaa. Nilimwambia abaki na Sport na afunge mfumo wa gesi asilia. Kilo moja ya gesi ilikuwa ikiuzwa kwa karibu shilingi 1,550 na ina nishati ya karibu lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo matumizi yake ya mwezi yangeshuka kutoka shilingi 320,000 hadi kama 120,000, na kufunga mfumo kwa shilingi milioni 2 hivi kungejilipa ndani ya mwaka mmoja. Hakuna hesabu ya kubadilishana gari iliyoweza kuikaribia hii. Walioipinga walikuwa wawili. Wa kwanza ni buti: mtungi wa gesi ungelimaliza lote, na gari la familia linalobeba mabegi ya shule na magunia ya viazi kutoka Njombe haliwezi kuishi bila buti. Wa pili ni foleni za vituo vya gesi, ambazo wakati ule zilikuwa ndefu mno kwa mtu anayewahi kuingia ofisini saa mbili. Niliiona hoja ya kwanza kuwa na uzito na ya pili kuwa kisingizio, kwani gari lenye gesi halipotezi tangi lake la petroli. Lakini gari ni lake na mke ni wake.

Na kwa kweli ni mke wake aliyelimaliza shauri, kwa sababu ambayo haikuwamo kwenye jedwali langu. Yeye ana leseni tangu mwaka 2015 na hakuwahi kuiendesha Sport hata mara moja, kwa kuwa alijifunza gari la "automatiki" na klachi ya Sport ilikuwa nzito. Kwa miaka mitano yote mumewe alikuwa dereva pekee wa nyumba, wa shule, wa sokoni na wa hospitali, na akisafiri kikazi familia ilipanda bajaji na teksi za kuita kwa simu. Nilipomwomba mke huyo ajumlishe malipo ya teksi hizo kwenye simu yake, wastani ulikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, karibu sawa na nafuu yote ya mafuta. Nilijilaumu kidogo. Nilikuwa nimepima upepo wa matairi na kipenyo cha rimu, na sikuwa nimeuliza nani anayeendesha.

Hofu yangu kubwa kuhusu gari jipya ilikuwa giaboksi. CVT haina gia za kawaida bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na inataka oili yake maalumu. Fundi asiyejua akiimiminia oili ya giaboksi nyingine, mkanda huanza kuteleza na mara nyingi mwisho wake ni kutafuta giaboksi nzima iliyotumika. Tulikataa gari la kwanza tuliloonyeshwa kwa sababu lilitetemeka wakati wa kuondoka likiwa limepata moto, jambo ambalo huwezi kuligundua likiwashwa kwa dakika tano tu pale yadini, na ndiyo maana tuliomba tuendeshe kwa nusu saa na kusimama kwenye kilima kabla ya kuondoka. La pili lilikuwa tulivu. Hata hivyo alibadilisha oili ya CVT, betri na mikanda mara tu alipolipata, akatumia shilingi 380,000, ambazo sikuziingiza kwenye hasara ya kubadilishana kwa sababu Sport nayo ingedai matengenezo ya aina yake mwaka huo, kuanzia na klachi.

Alichopoteza anakisema mwenyewe bila kuulizwa. Mlima Kitonga, watu wanne na mizigo ndani, kiyoyozi kimewashwa, injini ya 1.2 hulia kwa sauti ya juu na mwendo haupandi, hivyo huzima kiyoyozi na kukaa nyuma ya malori kwa subira, wakati Sport ilikuwa ikiyapita mahali palipo salama kwa gia ya tatu. Usukani ni mlegevu zaidi. Breki zinatosha, ila hazina mng'ato ule. Kwa upande mwingine, mashimo ya njia za ndani Mbezi Beach, yaliyomkunjia rimu mbili za inchi 17 katika miaka mitano, sasa anayapita bila kuinua mabega.

Nilimwomba aendelee kuandika kumbukumbu, naye ameandika kwa miezi kumi na minne, kuanzia Agosti 2024. Kwa bei ile ile ya mfano, amekwisha kuokoa shilingi 1,056,000 za petroli. Lakini namba iliyobadilika zaidi ni ile niliyoikadiria mimi. Sport ilikaa mbele ya ile yadi kwa miezi mitano, ikaoshwa kila asubuhi, ikabandikwa bei ya milioni 11.5, kisha 10.8, na hatimaye ikauzwa kwa milioni 9.9. Makadirio yangu ya milioni 10.5 yalikuwa ya mtu aliyetazama matangazo na si mauzo. Nikiirudia hesabu kwa bei iliyolipwa kweli, tofauti ya thamani ya magari mawili ilikuwa milioni 2.1, faida ya yadi ilikuwa 900,000 na si milioni 1.5, na hasara ya kubadilishana, pamoja na makaratasi, inashuka hadi shilingi 1,350,000. Kwa mafuta peke yake, bila kugusa fedha za teksi, amebakiwa na deni la kama shilingi 294,000, ambalo litakwisha ndani ya miezi minne.